Nilivyokataa Kukatiwa Kingo za Picha ya Harusi

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Nimeaibika mchana kweupe, Singida mjini, mbele ya watu waliokuwa wanangoja fotokopi. Nimerudi Iguguno nimejifunika mtandio mpaka puani kama mgonjwa wa jino. Sogeeni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wifi yangu Tabita, maana yule akisimulia anaongeza chumvi. (Na mimi naongeza, lakini yangu ni ya kuonjea tu.)

Nawaandikia hapa kwenye kundi letu kwa kusema. Nimebonyeza pale kwenye simu, mimi nasema, yenyewe inaandika. Darasa la pili ndipo nilipoishia, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Kwa hiyo mkiona kosa, iulizeni simu.

Haya. Neema, mjukuu wangu, sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni Jumamosi hii. Wiki iliyopita alinipigia: "Bibi, wewe utakaa mbele kabisa. Utatoa nasaha ya heshima ya bibi harusi. Na nyuma yako ukutani tutawasha ile picha yenu ya harusi, kubwaaa!"

Waliofika kwangu wanaijua picha yenyewe. Inaning'inia sebuleni juu ya kabati la vyombo. Mimi na Mzee Yona, kuanzia kifuani kwenda juu. Yeye kanyoosha shingo kama jogoo aliyesikia jina lake. Mimi nimeinamisha kichwa, midomo nimeifunga, na chozi moja linashuka shavuni.

Chozi hilo, jamani! Limenipa heshima karibu miaka hamsini. Siku hizi bibi harusi anacheza mpaka kisigino cha kiatu kinang'oka. Enzi zetu bibi harusi hacheki. Hali chakula mbele za watu. Anainama, anahuzunika, maana ameacha kwao. Mama mkwe wangu, Mungu amlaze, kila mgeni alikuwa anamsimamisha mbele ya picha ile. "Ona mkwe wangu alivyolia. Huyu alifundwa." Na mimi nikisikia hivyo nainama tena hapo hapo, na beseni la vyombo mkononi. Binti zangu nimewafunda kwa chozi lile. Wajukuu nimewafunda kwa chozi lile. Hata binti wa jirani aliyekuja kuazima ungo nimemfunda.

Sasa Tabita. Tabita ni dada yake Mzee Yona wa toka nitoke, wifi yangu kabisa. Tunagombana asubuhi, jioni tunapelekeana mboga. Siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wangu, akanishikia mwavuli. Na siku hiyo hiyo akapata jina.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe alipikiwa jogoo. Nanyi mnajua, kwetu kuku wa mkubwa anafika mzima. Mapaja mawili, mabawa mawili, shingo, firigisi. Kikipungua kiungo kimoja umemtukana. Tabita ndiye aliyelibeba bakuli. Baba mkwe akafunua. Paja moja! Akageuza kuku, akatazama chini yake, akahesabu upya. Moja. Akamwangalia binti yake mbele ya wazee wenzake, akamwambia, "Tabita, la pili liko wapi?"

Tabita akaapa. Akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake aliyekuwa amesimama pale pale. Nani amsikie? Bakuli alibeba yeye. Kuanzia saa ile akaitwa Paja. Alipoolewa, wakaimba Paja anaondoka, kuku watapona. Alipozaa, Mama Paja. Leo hii watoto wadogo wanampita njiani, "Bibi Paja, shikamoo," na hawajui hata jina lilitoka wapi. Naye mpaka jana alikuwa anasema, "Wifi, nitakufa na jina ambalo sikulila."

Nani alikula? Tulieni. Tutafika.

Tabita alikuwa na dai lingine. Kwamba hata kwenye picha alikuwemo, wakamkata. "Nilisimama pale na mwavuli! Nilisimama mpaka mkono ukafa ganzi!" Na mimi miaka yote namjibu, "Wifi, ungekuwemo ungeonekana. Picha haifichi mtu."

Basi juzi Neema akapiga tena. "Bibi, ile ya ukutani imefifia, na pembeni imeliwa na mende. Hivi ule mkanda wa mpiga picha, ule unaoweka na vifungo kwenye kopo, upo?" Nikasema upo. Yule mpiga picha alikuja kwa baiskeli kutoka Kiomboi, akatuachia picha na mkanda wake, nami situpi kitu. Neema akafurahi. "Uje nao, Bibi! Mkanda ndiye mama. Picha ya karatasi ni mtoto wake tu."

Tabita alikuwa ameketi jikoni kwangu anachambua mchicha. Akaacha. Akajifuta mikono. "Na mimi nakwenda," akasema.

Ndiyo asubuhi ya leo hiyo. Tukafika mjini, kwenye duka moja la fotokopi na kuskani, karibu na soko. Binti wa pale anaitwa Zuhura, kajifunga hijabu yake safi, ana adabu kama aliyefundwa. "Shikamooni, mabibi zangu." "Marahaba, mwanangu." Ukutani wametundika televisheni kubwa iliyoungwa na kompyuta, ili mteja aione kazi yake bila kumpumulia Zuhura shingoni. Nikaiona nikafurahi. (Sikujua nafurahia kitanzi.)

Zuhura akauinua mkanda kwenye mwanga. Nami nikachungulia. Mungu wangu! Nyuso nyeusi, gauni jeusi, meno ya Mzee Yona meusi. Nikamwambia, "Mwanangu, hii harusi au msiba?" Akacheka. "Mkanda ndivyo ulivyo, Bibi. Kila kitu kiko kinyume. Mashine itaugeuza. Ila nina maswali kidogo kabla sijaanza."

Subirini kwanza. Ili mnielewe nilivyojibu maswali hayo, kumbukeni mimi ni mtu wa alizeti. Nanyi kina mama wenzangu mnaijua mashine ya kukamua. Ukikaa mbali na gunia lako, umekwisha. Mwenye mashine anakuuliza kwa sauti ya upole habari ya makapi yanayobaki, "Mama, mashudu unachukua au unaacha?" Ukijibu kijinga, "Acha tu," kesho unakuta nguruwe wake wamenenepa na wa kwako wanakutazama kwa lawama. Mimi nilishaibiwa hivyo mara moja. Tangu siku hiyo nachukua vyote. Mafuta yangu, mashudu yangu, gunia langu, na kamba ya gunia.

Na mashine ni mashine, nilijisemea. Hata hii ya taa.

Zuhura akaanza. "Tuskani karatasi au mkanda?"

"Ipi bora?"

"Mkanda."

"Mkanda!"

"Sawa. Sasa nukta. Nikuwekee mia tatu, elfu mbili mia nne, au elfu nne mia nane?"

"Nukta za nini, mwanangu?"

Akanieleza vizuri sana, Mungu ambariki. Kwamba mashine inaisoma picha kwa vinukta, kama mtu anayepanda mbegu shambani. Ukipanda chache, picha ikikuzwa ina mapengo. Ukipanda nyingi, unaona mpaka unywele. "Lakini kwa kuwasha ukutani, Bibi, elfu mbili mia nne zinatosha. Zaidi ya hapo inachelewa sana, na faili linakuwa zito bure."

Zinatosha! Mwenye mashine naye ndivyo anavyosema. Nikamtazama hivi kwa jicho moja. "Panda zote," nikasema. "Weka ya mwisho kabisa."

"Itachukua muda, Bibi."

"Nimeolewa karibu miaka hamsini. Nitashindwa kungoja mashine?"

Watu waliokuwa foleni wakacheka. Nikaona nimeanza vizuri.

"Haya. Tuweke ya kijivu au ya rangi? Mkanda wenyewe ni wa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kijivu inatosha."

Tabita akadakia. "Weka rangi. Gauni langu lilikuwa kijani."

"Bibi, mashine haiwezi kujua kama lilikuwa kijani."

"Si uiambie!"

Tukakubaliana kijivu. Tabita akanuna, akasema mashine yenyewe ina kiburi.

"Kuna hii ya kufuta vumbi na mikwaruzo," Zuhura akaendelea, mvumilivu yule binti, ningekuwa na mjukuu wa kiume ambaye hajaoa ningeacha namba. "Inafuta yenyewe. Lakini kwa mkanda kama huu siipendi. Inaweza kudhani kitu cha kweli ni vumbi."

"Kitu gani?"

"Kama hilo chozi lako."

"Usifute!" Nilipiga kelele mpaka mwalimu mmoja aliyekuwa anachapisha mitihani akaangusha karatasi. "Mwanangu, vumbi liache, mikwaruzo iache, mende kama yumo mwache. Chozi lisiguswe."

"Nihifadhi faili la kubanwa au lisilobanwa?"

"Lisibanwe hata kidogo. Kikishakamuliwa mara moja hakirudi."

Akabonyeza, akabonyeza. Halafu akageuka na swali la mwisho. Jamani, swali la mwisho!

"Bibi, nikate kingo ilingane na ile ya ukutani? Au niache fremu nzima? Naona mkanda una vitu vingi kuliko karatasi. Aliyesafisha picha alikata pembeni na chini."

"ALIKATA!" Huyo ni Tabita. Kasimama, kidole juu. "Si nilisema? Si nilisema nimekatwa? Wifi, nilisema au sikusema?"

Mimi wala sikumsikia. Mimi nilikuwa nawaza mashudu. "Mwanangu Zuhura. Hizo kingo ukizikata unazipeleka wapi?"

"Sizipeleki popote, Bibi. Zinatupwa tu."

Zinatupwa tu! Nikawaona nguruwe wa mwenye mashine kabisa.

"Mwanangu," nikasema, na nikapaza sauti ili duka zima linisikie, "mimi si wa leo. Kilicho changu ni changu, mafuta na mashudu. Acha fremu nzima. Usinikatie hata unywele."

"Umesema mwenyewe, Bibi."

"Nimesema mwenyewe."

Akabonyeza. Taa ikawaka ndani ya mashine, ikaanza kutembea. Polepole! Kinyonga mwenye malaria angeipita. Na pale kwenye televisheni picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia linaloteremshwa na mtu mvivu.

Kwanza ukatokea mwavuli.

"Mwavuli wangu," Tabita akanong'ona.

Halafu chini ya mwavuli, pembeni kabisa, zikashuka nywele, likashuka paji la uso, yakashuka macho. Msichana. Mzuri, jamani, macho kama ndama. Tabita akaweka kiganja mdomoni. Yule mtu hana picha hata moja ya usichana wake, nyumba yao iliungua zamani na kila kilichokuwemo. Nikamwona Tabita mbichi, kabla hajaitwa jina lolote, anacheka na kamera kwa meno yake yote. Moyo ukanichoma. (Ukanichoma kidogo. Kwa wakati ule kidogo tu.)

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe, wifi."

"Nilikuwemo."

"Ulikuwemo. Nisamehe kwa hilo."

(Kwa *hilo*, nilisema. Sikilizeni nilivyochagua maneno.)

Ikashuka shingo ya Mzee Yona, maana shingo yenyewe ilichukua muda. Kisha nikashuka mimi. Kitambaa cha kichwa. Macho yameinama. Na chozi! Jamani, kwa zile nukta zote chozi lilikuwa kubwa, linang'aa, ungeweza kunywesha mbuzi. Duka zima likasema aaa. Mwalimu wa mitihani akavua miwani. "Haya ndiyo malezi," akasema. Wasichana wawili waliokuja kupiga picha za pasipoti wakasogea kuangalia.

Nami kichwa kikanivimba. Ningekaa kimya hapo, leo ningekuwa mtu. Nikasimama. Nikawageukia wale wasichana, nikaanza kutoa nasaha ya Jumamosi siku ya leo, bure. "Mnaona, wanangu? Huko ndiko kuolewa. Siku hiyo sikugusa chakula tangu jana yake. Hata maji. Nilikuwa nimejaa huzuni mpaka hapa." Nikajigusa koo.

Koo! Nilijigusa koo!

Nyuma yangu picha inashuka.

Msichana mmoja akasema, "Bibi, mbona shavu lako la kulia limevimba?"

Nikageuka. Ni kweli. Kwenye ile ya ukutani hapo ni kivuli tu. Huku kwenye nukta elfu nne mia nane lilikuwa shavu limejaa kama mfuko wa panya buku.

"Nilikuwa nazuia kilio," nikasema.

"Upande mmoja?" Huyo ni Tabita.

"Kilio changu kilikuwa upande huo."

"Na midomo na kidevu mbona vinang'aa hivyo?"

"Mafuta ya kujipaka."

"Enzi zile? Tulikuwa tunapaka samli, na siku hiyo nilikupaka mimi, na sikukupaka kwenye kidevu."

Picha ikafika kifuani. Pale pale inapoishia ile ya ukutani. Nikasema kwa furaha ya uongo, "Haya mwanangu Zuhura, asante sana, imekwisha, zima."

"Bado Bibi, ni nusu tu."

"Nusu inatosha."

"Nikizima itabidi tuanze upya."

"Tuanze upya!"

"Bibi, si umesema nisikukatie hata unywele?"

Mtaniuliza, jamani, hukukumbuka? Nilikumbuka! Siku ile nimeikumbuka kila nilipoonja kuku. Lakini kwa akili yangu ya darasa la pili picha ni ile ya ukutani. Nilijua kamera ilitazama mpaka kifuani, ikachoka, ikafumba jicho. Nani angeniambia kwamba jicho lile lilishuka mpaka magotini, likahifadhi lilichokiona, na mimi mwenyewe nikakiweka kwenye kopo na vifungo, nikakitunza miaka yote kisiharibike?

Mstari. Mstari. Ikatokea mikono ya Tabita. Yote miwili imekamata mpini wa mwavuli, vidole vimefumbana. Mstari. Mstari. Ukatokea mkono wangu wa kushoto umetulia vizuri kwa bwana harusi. Duka likapumua. Kisha ukaja wa kulia. Umeshuka ubavuni, umejificha nusu kwenye mkunjo wa gauni. Kiwiko. Kifundo. Vidole vimefumba kitu.

Mstari.

Kikatokea kifupa.

Zuhura, ambaye hajui lolote la ukoo wetu, akafanya kazi yake kama anavyofanya kila siku. "Ngoja nikague kama imetulia vizuri," akasema, akaikuza. Alikuza wapi? Pale pale! Ikajaa televisheni nzima. Paja la jogoo, kubwa kama la mbuzi. Limeng'atwa. Na kwenye ile nyama iliyong'atwa, katikati, umebaki ukuta mdogo haukuguswa na meno, maana mng'ataji ana mwanya.

Watu wote wakanitazama mdomo.

Nikaufunga.

Mwalimu akasema, kwa sauti ile ya kusahihisha, "Hilo ni paja."

"Wifi," Tabita akaniita. Polepole.

"Abee."

"Mikono yangu iko wapi pale?"

"Kwenye mwavuli."

"Mingapi?"

"Yote miwili."

"Na wa kwako wa kulia una nini? Sema, watu hawajasikia."

"Una paja."

Basi ikabidi niseme. Nikasimulia mbele ya Zuhura, mbele ya mwalimu, mbele ya watoto wa pasipoti. Kwamba nilikuwa na njaa, jamani. Tangu jana yake nimekaa chumbani nimeinama, napepewa, nasifiwa, hakuna anayenipa hata kiazi. Tabita akapita na bakuli la baba yake, akaliweka karibu nami, akasema anakwenda kuchukua maji ya kunawa. Harufu ikapanda. Nilifunua ili nione tu. Mkono ukaenda peke yake. Nikang'ata, na ndani bado ni moto, moto wa kutoka jikoni, na kabla sijatafuna nasikia, "Bibi harusi njoo, mpiga picha anasema jua linaondoka!" Nikatoka hivyo hivyo. Nyama ya moto shavuni. Siwezi kutafuna, siwezi kutema, siwezi kusema. Naungua! Nikafumba mdomo, nikainama, chozi likatoka.

Ndilo hilo chozi.

Mama mkwe alisimama mbele yangu, akalia naye kwa kuona nilivyolia.

"Na paja lililobaki ulilipeleka wapi?" akauliza mwalimu. (Mitihani yake ilishachapwa zamani. Kwa nini hakuondoka?)

"Nililimalizia chooni."

Tabita akakaa chini, juu ya katoni la karatasi. Nikasema sasa nimemuua. Mabega yanatikisika. Nikamwinamia. "Wifi, nisamehe. Nilitaka kusema siku ile, nikaogopa watanirudisha kwetu. Kesho yake nikaona aibu. Mwaka wa pili nikaona nimechelewa." Akainua uso. Kumbe anacheka! Anacheka na machozi yanamwagika, halafu akapiga kelele akitazama juu kwenye dari la duka la watu, "Baba! Baba, njoo uone! Mikono yangu ile pale!"

Akasimama, akacheza. Mwanamke mwenye goti bovu! Kanyanyua mikono yote miwili kama anashika mwavuli, anazunguka katikati ya fotokopi, anaimba wimbo alioutunga hapo hapo kwa Kinyiramba. Maneno yake siyaandiki. Wasichana wakampigia makofi. Zuhura mwenyewe kaegemea mashine, hijabu inatikisika. Nami jamani, nifanyeje? Nikaanza kucheka. Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Karibu miaka hamsini nimebeba fupa lile, na leo limetoka kama mwiba.

Lakini msidhani aliniachia. Akarudi kwa Zuhura, anahema. "Mwanangu, sasa ukate."

"Nikate wapi, Bibi?"

"Kata mkono na kilichomo. Uso wake siuhitaji. Hiyo nitumie kwenye simu." Na hiyo fremu nzima, akasema, ndiyo itakayowashwa Jumamosi ukutani, isiguswe. Nasaha atatoa yeye. Na mimi nitatoka mbele ya ukoo na jogoo mzima kwenye bakuli, nitafunua, nitahesabu mapaja kwa sauti, moja, mawili, halafu nimkabidhi kwa magoti.

Nikakubali. Ni haki yake.

Hatujatoka hata dukani, simu yangu inaita. Neema. Kumbe picha ya mkono ilishafika kwenye kundi la ukoo. Nasikia nyuma yake watu wanagaragara kwa kicheko.

"Shikamoo, Bibi Paja," akasema.

Nikamwangalia Tabita. Tabita akaangalia pembeni, kanyoosha shingo kama kaka yake, anasubiri.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikaitika.

Nimefika nyumbani, Mzee Yona ameketi kibarazani anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, nimeinama kweli safari hii. Akapukuchua gunzi zima. Halafu akasema, "Mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Nilisimama ubavuni kwako. Nilisikia harufu."

"Na ukaacha dada yako aitwe Paja maisha yake yote?"

"Nilikuwa nangoja," akasema. "Nilidhani utanibakishia."

Basi, kina mama, msicheke. Nanyi mkipeleka picha zenu za zamani kuskani, mkiulizwa kama mkatiwe kingo, semeni kata, mwanangu, kata mpaka shingoni. Na kwa kuwa Tabita kwenye kundi hili hayumo, nawaomba kwa heshima zenu zote, hili la Mzee Yona lisimfikie: atadai jogoo wa pili, na bandani nimebakiwa na mmoja tu.